North Berwick kwa watu wawili: siku moja ya bahari bila kukimbizana

Mara ya kwanza mimi na mume wangu kwenda North Berwick tulirudi Edinburgh tumenuniana. Tulikuwa tumepata siku ya mapumziko inayolingana, na kwa watu wawili wanaofanya kazi za zamu hiyo ni nadra kama mvua ya kiangazi, basi tukataka kuimaliza yote: mlima, boti, ngome, ufuo, samaki. Tulifika bandarini boti imeshaondoka. Tukakimbilia basi la kwenda ngomeni, likatupita. Saa kumi jioni tulikuwa tumekaa kwenye benchi, kila mmoja anatazama upande wake, chipsi zimepoa mkononi.

Tumerudi huko mara nyingi tangu siku ile, na sasa naufahamu mji kiasi cha kumwelekeza mtu. Nawaandikia wanandoa na wachumba wenzetu wanaoishi Edinburgh, mji aliosoma Mwalimu Nyerere kati ya 1949 na 1952, au wanaopita tu kumsalimia ndugu. North Berwick uko pwani ya mashariki ya Uskoti, pale mlango wa mto Forth unapofunguka kuingia Bahari ya Kaskazini. Mna mambo makubwa matatu: mwamba wa Bass Rock na ndege wake, mlima wa Law, na magofu ya ngome ya Tantallon. Chagueni moja tu. Mengine yatawasubiri, hayana miguu.

Hatua ya kwanza: tazameni maji kabla ya kukata tiketi

Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kufundishwa habari ya maji kupwa na maji kujaa. Ajabu ni kwamba sisi tunaoijua bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tangu utotoni tukifika Ulaya tunaisahau, kana kwamba bahari ya huku haina mwezi. Inao. Huku nako maji hujaa mara mbili kwa siku, huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bamvua huja vilevile. Katika mlango wa Forth tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 4, kwa hiyo ufuo mliouona asubuhi sio mtakaoukuta jioni.

Siku ile ya kwanza mume wangu alisimama ukutani mwa bandari akaniuliza, "Mama watoto, bahari imekwenda wapi?" Mashua zilikuwa zimelala ubavu juu ya tope. Bandari ile hukauka maji yakipwa, na ratiba ya boti za wageni hupangwa kwa kuyafuata maji. Tafuteni mtandaoni jedwali la maji la North Berwick, mlisome siku tatu nne kabla. Mkitaka kutembea mbali juu ya mchanga na kuchungulia vidimbwi vya miambani, teueni siku ambayo maji yanapwa mchana. Mkitaka kuogelea, teueni ambayo yanajaa.

Baada ya maji, upepo. Kati ya mwezi wa nne na wa tisa, upepo wa mashariki ukivuta hewa yenye joto juu ya bahari baridi, hutokea ukungu mzito ambao watu wa huku huuita haar. Edinburgh kwenyewe mnaweza kuacha jua linawaka, mkafika pwani msione hata mwisho wa gati. Utabiri ukisema upepo wa mashariki na ukungu pwani, ahirisheni boti.

Mwezi wa sita jua huchwa karibu saa nne usiku, hivyo siku ni ndefu kupita haja. Desemba huchwa kabla ya saa kumi jioni. Mimi napenda mwisho wa mwezi wa tano hadi mwanzo wa wa saba, ndege wakiwa na makinda. Saa ninazotaja humu zote ni za Kiswahili. Kwenye tiketi, boti ya 10:00 ni ya saa nne asubuhi. Hakikisheni wote wawili mmeelewana hapo.

Hatua ya pili: treni

Treni za ScotRail hutoka kituo cha Waverley, Edinburgh, na kufika North Berwick kwa nusu saa na ushee. Tangu Septemba 2025 nauli ya saa za msongamano imefutwa, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha saa ya bei nafuu. Mkiwa watu wa kusafiri pamoja mara kwa mara, kuna kadi iitwayo Two Together Railcard: ina picha zenu wawili na hupunguza theluthi ya nauli kwa sharti kwamba mko pamoja safarini. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Kwetu kadi hiyo ilirudisha fedha yake mapema sana.

Kaeni upande wa kushoto, ndio upande wa bahari. Baada ya kituo cha Drem treni huacha reli kuu na kuingia njia yake ndogo, na muda si mrefu mtauona mlima wa Law umesimama peke yake katikati ya mashamba. Gari acheni nyumbani kama mnaweza. Barabara ya katikati ya mji ni nyembamba, na siku ya jua kutafuta nafasi ya kuegesha kutakula saa nzima ya mapumziko yenu.

Hatua ya tatu: kikapu na nguo

Nguo nyingi nyepesi zilizopandana zinafaa kuliko koti moja zito. Koti la kuzuia upepo kila mtu na lake, hata mwezi wa saba. Msijidanganye kwamba mtagawana. Kofia ya sufu, taulo moja, soksi za akiba, chupa ya chai ya tangawizi, na kanga. Kanga ni mkeka, ni shuka ya mabegani, ni pazia la kubadilishia nguo ufukweni. Sijawahi kujuta kuibeba.

Hatua ya nne: asubuhi isiyo na kazi

Kutoka kituoni mteremko wa dakika kumi unawafikisha High Street, mtaa wa zamani wenye maduka madogo ya mikate, vitabu na vyombo. Nunueni kahawa na andazi lao lolote lenye siagi, kisha mshuke ufuo wa magharibi. Hapa ndipo watu wengi huharibu siku: wanapiga picha mbili, wanageuka. Nyinyi vueni viatu. Tembeeni kuelekea magharibi bila kutazama saa, mwende mpaka mmoja aseme turudi.

Mbele yenu baharini mtaviona visiwa vinne vimepangana: Fidra wenye mnara wa taa, Lamb, Craigleith, na mbali mashariki Bass Rock. Mchanga ukiwa mtupu, angalieni kwenye vidimbwi. Mtakuta kaa wadogo, konokono wa baharini, na mwani wa kahawia wenye vijifuko vya hewa vinavyopasuka mguuni. Mwani huo siupiti bila kuinama. Bibi yangu alilima mwani, na harufu yake ukiukausha juani ni ileile, iwe Uskoti au kwetu.

Kando ya ufuo kuna uwanja wa gofu wa klabu iliyoanzishwa 1832. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwa uangalifu sehemu nyingi za wazi, lakini mipira ya gofu haisomi sheria. Baki mchangani.

Hatua ya tano: Bass Rock, kama ndilo jambo lenu kubwa

Nawashauri mlichague hili mara ya kwanza. Ukiwa mjini, mwamba unaonekana mweupe juu kama uliopakwa chokaa. Weupe ule ni ndege na mavi ya ndege. Mwamba wenyewe ni kizibo cha volkano ya kale: lava iliganda kooni, mlima uliouzunguka ukaliwa na barafu na mawimbi, kikabaki kizibo chenye kimo cha zaidi ya mita 100, kuta zake zimesimama wima kutoka majini. Wakati mmoja kilikuwa gereza la watu waliokataa kanisa la mfalme, na mnara wa taa uliwashwa hapo mwaka 1902.

Wenye mwamba leo ni ganeti, ndege wa bahari mweupe, ncha za mbawa nyeusi, kichwa cha rangi ya samli, na mbawa zikikunjuliwa hukaribia mita 2. Jina lake la kisayansi, Morus bassanus, limetokana na mwamba huu. Hesabu ya 2014 ilikuta zaidi ya viota 75,000. Mwaka 2022 homa ya ndege ikaingia, wakafa kwa maelfu, na hesabu ya 2023 ikakuta viota karibu 52,000. Baadhi ya waliopona walibadilika macho: mboni ya ganeti huzungukwa na rangi ya samawati iliyopauka, lakini yao iligeuka nyeusi. Tuliambiwa hivyo na nahodha, tukaazima darubini, na mume wangu akampata mmoja mwenye jicho jeusi tii amekaa juu ya kiota chake, mzima. Hakuongea kwa muda baada ya kumwona.

Tiketi za boti zikateni mapema mtandaoni, hasa za Jumamosi na Jumapili. Safari za kawaida huzunguka mwamba bila kutia nanga. Zile za kushuka na kukanyaga mwamba ni chache na hujaa haraka. Fikeni dakika 20 kabla. Kuleni mkate mkavu kidogo, msile chochote cha mafuta. Aliye na kichefuchefu akae nyuma ya boti na kutazama upeo wa bahari, asitazame simu.

Harufu itawafikia kabla ya kelele. Halafu kelele, kama soko la samaki lenye wauzaji elfu sabini wanaotaja bei kwa pamoja. Msihangaike kuangalia wote. Chagueni jozi moja, ukingo mmoja, muitazame. Ganeti hutaga yai moja, na hulilalia kwa kulifunika na nyayo zake. Mmoja akitua kutoka kuvua, aliyebaki kiotani huinua shingo. Wanasimama kifua kwa kifua, midomo juu, wanaigonganisha upande huu na upande huu kama watu wanaonoleana visu, kisha mmoja anaushusha mdomo kwenye shingo ya mwenzake na kumpapasa. Wakati wa baridi hutawanyika, wengine mpaka pwani ya Afrika Magharibi, na kuanzia Februari hurudi, mara nyingi kwenye kiota kilekile na mwenzi yuleyule. Mume wangu akinipokea kutoka zamu ya usiku siku hizi huniambia, "Nyosha shingo."

Angalieni pia wanavyovua. Hupaa, hukunja mbawa nyuma dakika ya mwisho, wakaingia majini kama mshale, kasi karibu kilomita 100 kwa saa. Hawana matundu ya pua kwa nje, na chini ya ngozi ya uso na kifua wana vifuko vya hewa vinavyopunguza kishindo.

Bahari ikichafuka na boti isipotoka, msivunjike moyo. Pale pale bandarini pana Scottish Seabird Centre, iliyofunguliwa 2000, ambapo mnaweza kuziongoza wenyewe kamera zilizowekwa mwambani na kuwaona ndege karibu kuliko hata kwenye boti. Kwa mzee au mjamzito, mimi ningeanzia hapo moja kwa moja.

Hatua ya sita: samaki na chipsi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna mambo ambayo hakuna aliyetuambia.

Kwanza jina. Ukiagiza "fish supper" umeagiza samaki na chipsi, hata kama ni saa saba mchana. Ukisema "fish" peke yake utapewa samaki mtupu. Samaki wa kawaida hapa ni hadoki, na mimi naona anawashinda wengine kwa utamu.

Pili, na hili ni muhimu kwa Waislamu na kwa yeyote asiyekula ng'ombe: maduka mengi ya Uskoti hukaangia kwa mafuta ya ng'ombe, na mengine hutia bia kwenye rojo la unga wanalochovya samaki. Samaki ni halali, kikaango huenda si. Ulizeni kabla ya kulipa: wanakaangia mafuta gani, na rojo lina bia? Wamezoea kuulizwa, hujibu bila kinyongo. Jibu lisiporidhisha, bandarini wakati wa majira ya joto kuna kibanda, Lobster Shack, kinachouza kambakoche na kaa waliovuliwa hapo hapo pwani. Bei yake si ya kila wiki. Sisi hununua mmoja, tukagawana, na mkate wetu wa nyumbani.

Tatu, watawauliza mnataka nini juu. Sehemu nyingine za Uingereza ni chumvi na siki. Edinburgh na vitongoji vyake ni chumvi na sosi, sosi nyembamba ya kahawia yenye uchachu unaokaribia ukwaju. Jaribuni sosi.

Nne, shakwe. Shakwe wa bandari ile wanakujua kabla hujakaa. Keti umeegemea ukuta, funika boksi kwa mkono, na usimtupie hata kipande, maana ukimpa mmoja umewaalika ukoo. Tulikuwa tumekaa ngazi za bandari, nimeinua chipsi kumlisha mume wangu, mara kivuli, upepo wa bawa shavuni, na vidole vyangu vimebaki vitupu. Alicheka mpaka akatokwa machozi.

Hatua ya saba: alasiri, na ujasiri wa kuacha mambo

Mkiwa mmekwenda boti, msipande mlima. Hatua chache kutoka bandarini kuna kijiukumbi na magofu ya kanisa la kale la Mtakatifu Andrea, lililojengwa karne ya 12. Mahujaji walipita hapa kuvuka kwa mashua kwenda upande wa Fife. Mnamo 1590 ilisemwa kwamba wachawi walikutana hapa kumwitia dhoruba Mfalme James wa Sita alipokuwa akirudi kutoka Denmark na bibi harusi wake, na watu waliteswa na kuuawa kwa tuhuma hiyo. Anayetoka kunakouliwa vikongwe kwa macho mekundu ataielewa habari hiyo bila mkalimani. Nje yake umesimama msalaba wa jiwe wa Catherine Watson wa Glasgow, aliyezama 1889 akiwa na miaka 19 alipokuwa akimwokoa mtoto aliyekuwa akizama. Sisi husimama hapo dakika moja, kisha tunaendelea.

Kama jambo lenu kubwa ni mlima, Law una mita 187. Kutoka kituoni mtatembea kama nusu saa mpaka chini yake, na kupanda ni dakika 30 hadi 45 kwa mwendo wa mazungumzo. Njia ya mwisho ina mawe na huteleza ikinyesha. Mnaweza kukutana na farasi wadogo wa Exmoor wanaochungwa pale kupunguza majani, msiwalishe. Kileleni pana taya za nyangumi zimesimama kama lango. Za kwanza ziliwekwa 1709, za baadaye zikaoza na kuondolewa 2005, na zilizopo tangu 2008 ni mfano wa kutengenezwa.

Tantallon iko kilomita kama 5 mashariki, ukuta mmoja mkubwa mwekundu wa karne ya 14 kwenye ukingo wa jabali. Inataka nusu siku yake. Angalieni saa za mabasi ya kurudi kabla ya kwenda, hilo nalisema kwa uchungu.

Hatua ya nane: jioni, ufuo wa mashariki

Rudini ufuo wa mashariki, ghuba ya Milsey, jua linapoanza kulainika. Kuna kidimbwi kilichojengewa ukuta ambacho bahari hukijaza yenyewe, maji yake ni tulivu na mafupi. Anayetaka kuingia baharini ajue kwamba hata mwezi wa nane maji hapa ni nyuzijoto 13 au 14. Mwili uliozoea bahari ya Tanga hushtuka, pumzi hukatika ghafla. Msiruke. Ingieni polepole mpaka kiunoni, lowesheni uso, subirini pumzi itulie, mtoke baada ya dakika chache, mmoja abaki ufukweni na taulo mkononi. Ikitokea hatari, pigeni 999 muombe Coastguard, waokoaji wa pwani.

Wanaoswali wataona kibla ni kusini-mashariki, kwa hiyo mtaipa bahari mgongo. Kanga inatosha wawili. Mwezi wa sita Magharibi huingia saa nne usiku, basi angalieni saa ya treni ya mwisho kabla ya kupanga mtaswalia wapi.

Chai ya tangawizi iwe imebaki. Weupe wa mwamba hugeuka rangi ya waridi, halafu kijivu, na ganeti wa mwisho bado wanarudi kwa mistari mirefu juu ya maji. Kupanda kwenda kituoni ni dakika kumi na tano kutoka hapo, ishirini kama miguu imechoka. Kung'uteni mchanga viatuni kabla ya kuingia behewani. Mume wangu husinzia kabla ya Drem, kichwa begani mwangu, na mimi humwamsha Waverley.